Udongo mweusi wa nyanda za juu: mboji tele, tindikali tele. Tusome shimo moja la Lupembe

#1 Tabaka_A

Wakuu, kila msimu linarudi swali lilelile kwa sura mpya: udongo mweusi tii, mara wa Njombe, mara Makete, mara Mgeta au Lushoto, lakini maharage yanadumaa na mahindi yanatoka na majani ya zambarau. Na jibu la kwanza huwa lilelile: "Mweusi? Huo una rutuba, piga urea." Nimeona tuufungulie uzi wake.

Weusi unakwambia jambo moja tu, kwamba kuna kitu cheusi kimekaa humo. Haukwambii kimekaa kwa sababu gani. Udongo wa mbuga ni mweusi, unapasuka nyufa kiangazi, pH yake iko 7 kwenda juu na kalsiamu imejaa, lakini kaboni mara nyingi haizidi asilimia 1 au 2. Wa milimani ni mweusi kwa sababu baridi na unyevu vinawachelewesha vijidudu wanaoozesha majani na mizizi. Joto hushuka kama nyuzi 0.6 kila ukipanda mita 100, kwa hiyo mboji inaingia kwa kasi kuliko inavyoliwa. Mvua hiyohiyo inayootesha majani ndiyo inayosomba kalsiamu, magnesiamu na potasiamu kwenda chini, na viti vyao vinakaliwa na hidrojeni na alumini. Kama mwamba wa chini ni gineisi au graniti, hakuna akiba ya kurudisha kilichosombwa.

Kwenye WRB, mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, tabaka la juu la namna hii linaitwa umbriki. Masharti yake kwa ufupi: unene sentimita 20 au zaidi (10 zinatosha likikaa moja kwa moja juu ya mwamba), kaboni ya mboji angalau asilimia 0.6, rangi ya udongo mbichi kwenye kitabu cha rangi cha Munsell thamani (weupe wa rangi) isizidi 3 na ukolezi usizidi 3, ukikauka thamani isizidi 5, na mjao wa besi chini ya asilimia 50. Huo mjao ni hesabu rahisi: jumla ya kalsiamu, magnesiamu, potasiamu na sodiamu, gawanya kwa CEC (uwezo wa udongo kushika virutubisho vya namna hiyo) iliyopimwa kwa asetati ya amonia ya pH 7, zidisha kwa 100. Ukipita 50, tabaka lilelile kwa rangi ileile linaitwa moliki, na hapo umehamia kwa matajiri. Jicho haliwezi kutofautisha hayo mawili.

Sasa shimo lenyewe. Mteremko wa kati upande wa Lupembe, takriban mita 1,750, mwamba gineisi, zamani majani, sasa mahindi na maharage, jirani chai.

0–18 sm: 10YR 2/2 mbichi, 10YR 4/2 kavu. pH ya maji 4.9, ya KCl 4.2. Kaboni 4.6%. CEC 24. Ca 1.8, Mg 0.6, K 0.3, Na 0.1. Alumini inayobadilishika 2.2. Mfinyanzi 38%.
18–42 sm: 10YR 2/2. pH 4.8. Kaboni 3.1%. CEC 19, jumla ya besi 1.3, alumini 1.9. Mfinyanzi 40%.
42–60 sm: 10YR 3/3. pH 4.9. Kaboni 1.4%. CEC 12, besi 0.9. Mfinyanzi 42%.
60–120 sm: 7.5YR 4/6. pH 5.0. Kaboni 0.5%. CEC 8.2, besi 0.7. Mfinyanzi 46%.

Kwenye rangi, 10YR na 7.5YR ni kurasa za Munsell, namba zinazofuata ni thamani na ukolezi. CEC, besi na alumini zote ni sentimoli za chaji kwa kilo. Maswali mawili: jina la udongo huu ni nini, na chokaa ni kiasi gani?

#2 Ngwe_Tatu

Tani 5 za chokaa kwa hekta, mchezo umekwisha. pH 4.9 hiyo, unangoja nini?

#3 Mwanamaabara

Mkuu Ngwe_Tatu, hizo tani 5 umezitoa kwenye hesabu ipi? Shikilia hapo, nitakurudia.

Kwanza tuiamini karatasi. Mjao wa besi wa tabaka la juu: 1.8 + 0.6 + 0.3 + 0.1 = 2.8, gawanya kwa 24, ni asilimia 12 hivi. La pili asilimia 7. Umbriki haina ubishi.

Ila nina swali kwa Tabaka_A: kaboni 4.6% ilipimwa kwa sampuli ya gramu ngapi? Njia ya Walkley-Black inatumia mililita 10 za daikromati ya nguvu ya 1 N na mililita 20 za asidi kali ya salfuriki, unaacha dakika 30. Daikromati kiasi hicho inaweza kula miligramu 39 za kaboni, basi, ukiisha kuhesabu ile asilimia 77 inayoungua kwa wastani. Ukiweka gramu 1 ya udongo, mwisho wa kipimo ni 3.9%. Kwa hiyo 4.6% haiwezi kutoka kwenye gramu 1. Chupa ingegeuka kijani kibichi kabla hata ya kutitrisha, maana yake daikromati imekwisha na namba yoyote utakayoandika ni ya uongo wa upande wa chini. Udongo mweusi wa milimani unaanzia gramu 0.5, ukiwa mweusi zaidi 0.2. Maabara inayopima udongo wa nchi kavu kutwa nzima husahau hili, na ndiyo sababu utakuta ripoti ambazo udongo wote wa milimani "una 3.8%".

Kosa la pili ni pH. Uwiano ni gramu 10 za udongo kwa mililita 25 za maji, kipimo kisawazishwe kwa bafa ya 4.01 na ya 7.00, siyo ya 7.00 na 10.01 kama wengi wafanyavyo kwa mazoea. Udongo wa mboji nyingi ukikaushwa sana unakataa maji, unaelea kama unga wa kakao. Koroga, acha nusu saa, koroga tena, ndipo usome.

#4 Tabaka_A

Gramu 0.5, na chupa ilibaki na rangi ya chungwa. Imerudiwa mara mbili.

#5 Chai_Kericho

Sisi huku Kericho tunauita tu "red soil ya chai" lakini ukichimba juu ni nyeusi vilevile. Ramani ya udongo ya Kenya iliandika Nitisoli za mboji, zingine zikapewa hata jina la ando mbele. Hii ya Lupembe haiwezi kuwa Nitisoli?

#6 Mchimba_Shimo

Swali zuri, kwa sababu ufunguo wa WRB unasomwa kwa foleni. Huruki mstari. Histosoli (udongo wa mboji tupu) wako wa kwanza, Andosoli (wa majivu ya volkano) na Podzoli (wa tindikali uliosombwa) wanafuata mbali kidogo, kisha Nitisoli na Ferralsoli (wa kitropiki uliochakaa sana), ndipo unafika kwa Umbrisoli. Kwa hiyo kuwa na tabaka la umbriki hakukupi jina la Umbrisoli. Nitisoli ya Kericho inaweza kuwa na umbriki nono juu, lakini chini ina jengo la vibonge vya kama karanga vyenye nyuso zinazong'aa, kwa hiyo inakamatwa kabla. Tabaka_A, vunja bonge la sentimita 80 kwa mkono, liangalie juani: linapasuka kwa nyuso tambarare zinazong'aa kama zimepakwa nta, au linamomonyoka tu?

Nitisoli nimemtaja, lakini anayenitia shaka zaidi ni Andosoli. Njombe haiko mbali na Rungwe, Ngozi na Kitulo, na majivu ya volkano hayaheshimu mpaka wa wilaya. Jirani wa kuelekea Kitulo anaweza kuwa na Andosoli halisi wakati wewe una gineisi tupu, na kwa macho vyote ni vyeusi.

Kipimo cha shambani ni floridi ya sodiamu. Chukua karatasi ya kuchujia iliyolowekwa fenolfthalini ikakaushwa, weka punje ya udongo kiasi cha harage, dondoshea tone la myeyusho wa 1 M. Ikibadilika nyekundu ya zambarau ndani ya sekunde chache, kuna alumini hai ya volkano au iliyoshikwa na mboji. Ikisuasua mpaka dakika mbili na kutoa waridi hafifu, haifiki. Maabara inafanya kwa gramu 1 ndani ya mililita 50, inasoma pH baada ya dakika mbili, 9.5 na kuendelea ndiyo dalili. Vaa glavu, floridi ni sumu. Na usitumie kwenye udongo wenye chokaa ya asili, utapata nyekundu ya bure. Shamba lililotiwa chokaa mwaka jana nalo lina mashaka.

Ila karatasi hiyo haitoi hukumu, inakupa sababu ya kwenda kupima. Hukumu ya sifa za andiki ni tatu kwa pamoja: alumini inayoyeyushwa kwa oksalati jumlisha nusu ya chuma kinachoyeyushwa hivyohivyo ifike 2%, uzito kwa ujazo usizidi 0.90, na udongo uzuie fosfeti asilimia 85 au zaidi.

#7 Kapuku_wa_Makete

Tuambizane ukweli, kumwita Andosoli au Umbrisoli kunamsaidia nini mtu anayetaka viazi?

#8 Mchimba_Shimo

Kunamsaidia kwenye fosforasi na kwenye maji.

Andosoli ikipokea TSP (mbolea ya fosfeti) ya kumwaga, fosfeti inashikwa na alumini kabla mzizi haujafika. Ndiyo ile zambarau ya mahindi machanga. Huko mbolea ya kupandia hainyunyizwi kamwe, inawekwa kwenye mstari au kwenye shimo, sentimita 5 hivi kando na chini ya mbegu, ili sehemu ndogo ya udongo ishibe na mmea ule hapohapo. Umbrisoli ya gineisi nayo inashika, lakini kwa kiwango unachoweza kukifukuzia. Fosfeti ya kusaga ya Minjingu inafaa yote mawili kwa sababu tindikali ndiyo inayoiyeyusha. Peleka mbugani kwenye pH 7.5 uone itakavyolala kama mchanga. Ila ukimwaga chokaa na Minjingu wiki moja, umezima moto uliokuwa unapika.

Na maji: Andosoli ikikauka kabisa mara moja hairudi ilivyokuwa. Chembe zinaganda kuwa punje ngumu kama mchanga. Ndiyo maana sampuli ya kupima oksalati na kuzuia fosfeti ipelekwe mbichi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Ukiianika juu ya bati siku tatu, maabara itakuandikia kichanga tifutifu wakati mkononi ulikuwa unateleza kama sabuni. Hata ikiwa mbichi, hidromita (kifaa cha kupimia mfinyanzi) inadanganya: dawa ya kawaida ya kutawanya mfinyanzi haitawanyi aina hii, kwa hiyo mfinyanzi unaonekana mdogo.

#9 Kapuku_wa_Makete

Hapo kwenye sabuni umenigusa. Nimeelewa.

#10 Tabaka_A

Majibu ya nyongeza, sampuli mbichi:

Floridi: waridi hafifu baada ya dakika mbili, pH ya maabara 9.1. Oksalati (alumini + nusu ya chuma): 1.3%. Kuzuia fosfeti: 71%. Uzito kwa ujazo wa 0–18: 0.82, kwa pete ya sentimita za ujazo 100, udongo ulikaushwa nyuzi 105 kwa saa 24, ukabaki gramu 82. Bonge la sentimita 80 linamomonyoka, halina nyuso zinazong'aa.

#11 Mchimba_Shimo

Basi tushuke ngazi.

Histosoli: hapana, inataka kaboni asilimia 20 na unene wa sentimita 40. Andosoli: uzito mwepesi unatimia, lakini oksalati 1.3 na fosfeti 71 zimekosa. Hapa ndipo watu wanapojikwaa, wanaona 0.82 wanakimbilia volkano. Mboji peke yake inaweza kuushusha uzito kiasi hicho. Nitisoli: nyuso hazing'ai. Ferralsoli: CEC ya sentimita 60–120 ni 8.2, gawanya kwa mfinyanzi 0.46 upate 17.8 kwa kilo ya mfinyanzi. Mpaka ni 16. Imekosa kwa kukaribia sana, na ningekuwa mimi ningerudia kipimo hicho kabla ya kuandika ripoti, maana kosa dogo la hidromita linatosha kukuvusha mpaka.

Ongezeko la mfinyanzi kutoka 42 hadi 46 ni dogo mno kuitwa argiki (tabaka la chini lililokusanya mfinyanzi), kwa hiyo Akrisoli, anayelihitaji tabaka hilo, naye hana hoja. Tumebaki na Umbrisoli. Tabaka la 60–120 lina rangi na jengo lililobadilika kutoka mwambani, kwa hiyo kivumishi Kambiki. Na msiache lile la 42–60: 10YR 3/3 ni mpaka wenyewe, thamani 3 na ukolezi 3, limo. Kaboni 1.4, limo. Kwa hiyo umbriki ni sentimita 60 nzima, imepita 50, inapewa kivumishi Pakiki. Mtu aliyepima rangi jioni au akiwa na miwani ya jua angeisoma 3/4 na kupoteza sentimita 18. Munsell inasomwa jua likiwa nyuma ya bega, bonge likiwa bichi kiasi kwamba ukiongeza tone la maji rangi haibadiliki.

Kwa wanaosoma ripoti za zamani: ramani ya FAO-UNESCO ya 1974 haina Umbrisoli kabisa. Ingeuita huu Kambisoli wa mboji, na ule mwembamba juu ya jabali uliitwa Ranka. Umbrisoli walizaliwa na WRB ya 1998. Kisha toleo la 2006 liliwaweka nyuma ya Akrisoli kwenye foleni, la 2014 likawasogeza mbele, kwa hiyo shimo lenye umbriki na argiki pamoja limebadilishwa jina bila mtu kuligusa kwa jembe. Wamarekani nao walikuwa na Umbrepti, wakaifuta 1999. Leo wengi wao wanakaa kwenye Humudepti. Ukitaja jina, taja na toleo.

#12 Kivu_Juu

Ndugu zangu, kutoka Bukavu. Huku tunakuta jambo lingine: juu nyeusi, katikati imefifia kahawia, halafu kwenye sentimita 70 inarudi nyeusi tena. Wengine wanasema ni udongo wa zamani uliofunikwa na maporomoko. Ni kweli?

#13 Mchimba_Shimo

Inaweza kuwa kweli, na inaweza kuwa sombriki, tabaka ambalo Kivu, Rwanda na Burundi ndiyo nyumbani kwake hasa. Ni mboji iliyoshuka kutoka juu ikatulia chini, kwenye nyanda za baridi zenye mvua na udongo usiotuamisha maji. Haikushushwa na alumini kama ya Podzoli, wala na sodiamu.

Kuzitenganisha, usichimbe shimo moja. Chimba matatu kufuata mteremko, juu, kati na chini. Udongo uliofunikwa una mwanzo wa ghafla kwa juu, mara nyingi na mstari wa kokoto, vipande vya mkaa au vigae, na unakuwa mnene kadiri unavyoshuka bondeni. Sombriki inafuata uso wa sasa wa kilima, haina mkaa wa kutosha, na ukivunja bonge utaona weusi umepaka nyuso za mabonge na kuta za vijitundu vya mizizi zaidi kuliko ndani. Kwa mkulima haina utajiri wowote: mjao wa besi mdogo, alumini ya kutosha. Matuta ya ngazi yakikatwa vibaya na hilo tabaka likaja juu, watu wanafurahia weusi na hawavuni kitu.

#14 Kivu_Juu

Hilo la kwenye ngazi tunaliona kila kilima. Aksanti sana.

#15 Ngwe_Tatu

Nimerudi. Tani 5 zangu: alumini 2.2 × 1.5, sentimita 20, uzito kwa ujazo 1.3, chokaa ya nguvu ya 85%. Inatoka tani 5.05. Kosa liko wapi?

#16 Mwanamaabara

Kosa ni hiyo 1.3, mkuu. Ni namba ya vitabu, udongo wa kawaida wa tambarare. Hapa pete imesema 0.82.

Hesabu polepole. Hekta moja kwa kina cha sentimita 20 ni mita za ujazo 2,000. Kwa 0.82 ni tani 1,640 za udongo, kwa 1.3 ni tani 2,600. Sentimoli moja ya alumini kwa kilo inataka gramu 0.5 ya kalsiamu kaboneti kwa kila kilo ya udongo, kwa hiyo hapa kilo 820 kwa hekta. Mara 2.2, mara 1.5, ni tani 2.7. Gawanya kwa 0.85: tani 3.2 kwa hekta, yaani kama mifuko 26 ya kilo 50 kwa ekari. Wewe ulikuwa unampeleka mtu kwenye mifuko 41.

Na bado hiyo ni kuifuta alumini yote, jambo ambalo mahindi hayalihitaji. Alumini hapa inashika 2.2 kati ya 4.6 (pamoja na Ca na Mg), karibu nusu. Mahindi mengi yanavumilia mpaka asilimia 20. Kwa fomula ya Cochrane na wenzake ya 1980: 1.5 × (2.2 − 0.20 × 4.6) = 1.92. Mara 0.82, gawanya 0.85, ni tani 1.85 kwa hekta, mifuko 15 kwa ekari. Maharage ni dhaifu zaidi, weka shabaha ya 10%: 1.5 × (2.2 − 0.46) = 2.61, tani 2.5 kwa hekta, mifuko kama 20.

Kwenye udongo wa mboji nyingi usikimbize pH kabisa. Mboji ina asidi zake ambazo zinaachia hidrojeni kadiri unavyopanda, kwa hiyo kila hatua inakula chokaa zaidi ya iliyotangulia. Ukilazimisha 6.5 utamaliza mifuko, utaamsha vijidudu waile mboji iliyochukua miaka mingi kujengeka, na zinki, manganizi na boroni zitajificha. pH 5.3 kwenye udongo huu ni afya. Kwenye udongo mwekundu usio na mboji ungekuwa na wasiwasi. Mboji inaifunga alumini, ndiyo maana pH 4.9 ya huku si sawa na pH 4.9 ya kule.

Chagua dolomaiti kuliko chokaa tupu, Mg 0.6 ni ndogo. Mwaga angalau mwezi mmoja kabla ya kupanda, udongo ukiwa na unyevu, uchanganye kwa jembe mpaka kina hicho cha sentimita 20. Ikibaki juu kama unga wa sima, itafanya kazi sentimita 3 za kwanza tu. Na usishushe kwa mkono mmoja ulichopandisha kwa mwingine: kila kilo 100 za SA (salfeti ya amonia) zinadai kama kilo 110 za chokaa kuzifidia. Kukuzia tumia CAN (nitrati ya amonia yenye kalsiamu).

#17 Ngwe_Tatu

Sawa, nimekubali. Hiyo 1.3 nimeitumia miaka yote bila kuiuliza.

#18 Chai_Kericho

Jirani wa chai asiguswe. Chai inataka 4.5 hadi 5.5 na alumini kwake ni chakula. Msimwage chokaa upepo ukivuma kuelekea kwake.

#19 Mama_Parachichi

Wataalamu, hapo Lupembe kila mtu anang'oa mahindi anapanda parachichi. Tunaambiwa kilo 2 za chokaa kwa shimo. Ni sawa?

#20 Mwanamaabara

Hapana, mama. Shimo la sentimita 60 pande zote ni mita za ujazo 0.216, sawa na kilo 177 za udongo huu. Hata ukifuta alumini yote ni 2.2 × 1.5 × gramu 0.5, gramu 1.65 kwa kilo, yaani gramu 292 za chokaa safi, au 345 za hiyo ya 85%. Kopo dogo. Kilo 2 ni karibu mara sita, unapanda mche ndani ya chungu cha chokaa kilichozungukwa na tindikali. Mizizi ikifika ukingoni inageuka kurudi ndani. Changanya hizo gramu 350 na udongo wote wa shimo kwanza, ndipo urudishe, samadi iliyoiva debe moja juu ya hapo. Eneo la nje ya shimo lipate kipimo cha ekari kabla ya kupanda, maana baadaye hutaweza kulima karibu na mizizi.

#21 Mama_Parachichi

Na chini bondeni, kwenye vinyungu? Kule ni nyeusi kuliko juu.

#22 Mchimba_Shimo

Parachichi usipeleke huko, mizizi itaoza mwaka wa kwanza au wa pili. Huo wa vinyungu ni udongo mwingine kabisa, na si ajabu ukawa Histosoli. Sukuma fimbo: ikizama sentimita 40 bila kugusa udongo mgumu, na ukikamua konzi yatoke maji ya kahawia na nyuzi zibaki mkononi, peleka sampuli ipimwe kaboni. Ukichimba mfereji wa kina cha mita, maji yanashuka, hewa inaingia, mboji inaliwa na shamba linadidimia. Likikauka sana linaweza kushika moto na kuungua chini kwa chini siku nyingi. Mfereji uwe wa sentimita 40 hadi 50, na uweke kizuizi cha mbao mdomoni ili kiangazi maji yabaki juu.

Na kabla ya mfereji wowote, chukua konzi ya udongo kutoka mita 1 chini, udongo mbichi, weka kwenye chombo cha glasi, mwagia hidrojeni peroksaidi ya 30% kidogokidogo ukiwa na miwani na glavu. Ukichemka kwa nguvu na pH ikaanguka chini ya 2.5, kuna salfidi. Kinamasi cha mafunjo kinaweza kuwa nacho. Kigezi kule Uganda kuna vinamasi vilivyokaushwa vikageuka tindikali isiyootesha kitu. Hapo acha maji yakae.

#23 Tabaka_A

Naweka yote kwenye karatasi moja: Umbrisoli, Kambiki, Pakiki, kwa WRB ya 2022. Mahindi mifuko 15 ya dolomaiti kwa ekari, maharage 20, chai sifuri. Ile CEC ya tabaka la chini inarudiwa kupimwa. Ikishuka chini ya 7.4 kwa mfinyanzi uleule wa 46%, tunavuka ile 16 na jina linahamia kwa Ferralsoli. Mifuko haibadiliki.